Nyeupe Kwenye Ramani

Ofisini walimwita Bi Kasoro, na mwenyewe hakukasirika. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kukagua chati na ramani za takwimu kabla hazijatolewa kwa watu, kwa kanuni zile zile: je, mtu ataelewa anachokiona? Akikosea, atajua? Rangi zinasema kweli?

Mwaka ule idara ya afya ilileta ramani ya wagonjwa wa kuhara. Kila zahanati ilikuwa na doa lake. Wagonjwa wakizidi, doa linakolea wekundu. Wakaguzi walikuwa watatu. Bi Kasoro aliikodolea macho asubuhi nzima, kisha akaandika: zahanati isiyo na mgonjwa ni nyeupe, na ambayo haijaleta taarifa nayo ni nyeupe. Kasoro hiyo akaipa nne, alama ya juu kabisa, yaani ramani isitumike mpaka irekebishwe.

Wenzake wawili waliipa moja moja.

"Dada, wewe hata kwenye maji unatafuta mfupa," mmoja alimtania. "Watazoea."

Nne, moja na moja, wastani wake mbili: kasoro ndogo. Mkuu wao alitaka uzinduzi Ijumaa. Akamsogezea ripoti.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mama. Weka saini tu."

Akaweka.

Miezi minne baadaye mvua zilikata mtandao kwenye zahanati ambako mdogo wake wa kike alikuwa muuguzi. Wiki mbili taarifa hazikwenda. Makao makuu wakaiona nyeupe, wakadhani haina mgonjwa; dripu zikapelekwa kwenye madoa mekundu. Eneo la zahanati ile walizikwa watu tisa, sita kati yao wachanga.

Muuguzi alifika kwa dada yake na sare yake mwilini. Hakuketi.

"Dada, ile ramani ilipita kwako. Hukuona?"

"Niliona."

"Ukasema?"

"Niliandika."

"Halafu?"

Bi Kasoro alitaka kueleza habari ya wastani. Angeanzia wapi, mbele ya mtu aliyewafumba macho watoto sita?

"Halafu nikasaini."

Mdogo wake akatoka bila kuaga.

Jumatatu fundi wa ramani alizipa zahanati zilizo kimya rangi ya kijivu. Kazi haikuchukua hata saa nzima. Mkuu akaipongeza timu yote kwa barua pepe.

Bi Kasoro bado anakagua. Mdogo wake humpigia simu pale tu mama yao anapougua. Wakimaliza habari za dawa, anakata.