Ubani Kwenye Mishkaki

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu, kabla ya kuikumbuka kwa sura za watu. Nilikuwa mke mpya, mwaka haujatimia tangu niletwe nyumbani kwa mume wangu, mtaa wa Malindi, na miaka ile ya hamsini mke mpya alijulikana kwa mkono wake jikoni. Wangu mie ulijulikana kwa mishkaki. Nikishaikoleza nyama kwa ndimu, thomu na papai bichi, nikaipanga juu ya seredani ya makaa, majirani wa juu walikuwa wakifungua madirisha.

Sifa ni tamu, ila haishibishi. Nikaanza kuutafutia moshi ladha. Nilitia makumbi ya nazi kwenye makaa, nyama ikatoka nzuri. Nikatia makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Nikazidisha, tukala huku ndimi zimekufa ganzi, mume wangu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hapo sikumdhuru mtu. Tulikuwa wawili tu na sahani yetu.

Kisha nikawaza: mtungi wa maji twaufukiza ubani, na maji yanakuwa matamu, kwa nini nyama nisiifukize? Nikajaribu kwa chembe mbili. Mume wangu akasema hajapata kula kitu kama kile. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mwanangu, mume hata ukimpikia kokoto atasema zimeiva.

Wiki ileile tukapata ugeni. Wifi yangu Salma alikuwa kaposwa na kijana wa Kikwajuni, na mama wa kijana, Bi Arafa, alikuwa anakuja na jamaa zake wa kike kupanga mambo ya harusi. Mama mkwe akaniachia mishkaki yote. Nikaona hiyo ndiyo siku yangu, wala sikumwambia mtu. Baada ya sala ya alasiri nikawasha seredani uani, na nyama ilipokaribia kuiva nikamwaga ubani juu ya makaa. Safari hii haukuwa chembe mbili, ulikuwa ukufi mzima.

Bi Arafa alitia kipande kimoja mdomoni, akasita. Kilichofuata hakukigusa. Akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasema kichwa kinamuuma, akaomba ruhusa. Jamaa zake wakainuka naye, na harusi haikutajwa hata kwa neno moja. Nilipokuwa nakusanya sahani ndipo Salma aliponieleza kuwa Bi Arafa alikuwa katoka eda juzijuzi tu. Mumewe alifariki, na siku zote za msiba nyumba ilikuwa ikifukizwa ubani.

Mama mkwe akauliza nyama ilikuwa na nini. Nami, Mungu anisamehe, nikasema labda ni makaa, huenda yalitiwa katika gunia lililowahi kubeba ubani. Akaapa kuwa yule mzee aliyekuwa akituletea makaa hatakanyaga tena mlangoni kwake. Mzee wa watu, hana habari.

Shangazi wa mume wangu, Bi Zuwena, aliyekuja kutoka Kidichi kwa ajili ya ugeni ule, hakuamini. Alinifuata uani, akachutama mbele ya seredani, akachokoa jivu kwa kijiti. Akatoa donge la ubani lililoyeyuka nusu, akalisukuma mpaka miguuni pangu.

"Na hili limetoka kwenye gunia?"

Nikainamisha kichwa.

"Sikukemei kwa kujaribu," akasema. "Sie kule shamba hakuna jani tusilolijaribu. Lakini mgeni tunamwambia anachokula. Wewe hukumwambia, tena umemtwika mzee wa makaa mzigo wako."

Asubuhi nikamweleza mama mkwe ukweli. Akaniambia nivae buibui, kwani kosa la mkono huombewa radhi kwa mguu. Bi Zuwena akanisindikiza mpaka Kikwajuni. Njia nzima nilikuwa nikiwaza kuwa nimemvunjia wifi yangu ndoa.

Tuliamkiana na Bi Arafa, shikamoo na marahaba, kisha nikasema yote bila kupumzika: kwamba ni mimi peke yangu, na Salma hajui lolote.

Bi Arafa akasema, "Nilidhani mnaniambia kuwa nyumba yangu ina mkosi, haifai kuoa kwenu."

Nikalia. Akaniuliza wazo lile nililipata wapi, nikamtajia mtungi. Hapo uso wake ukafunguka kidogo. Akasema marehemu alikuwa hanywi maji ila ya mtungi uliofukizwa, na tangu afe hajathubutu kuugusa mtungi ule. Tukakaa tukamsikiliza akimzungumzia mumewe mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Hatujaaga, akatutajia mwezi wa harusi kwa kinywa chake.

Tulipokuwa tunarudi nilipitia kwa muuza makaa, nikamtaka radhi naye. Salma akaolewa mwezi wa Mfungo Saba, na nyama ya harusi niliichoma mie, kwa makumbi na makonyo machache, na kila aliyeuliza nilimwambia.

Basi, mwanangu, usiogope kujaribu. Vyakula vyote unavyovipenda leo, kuna mtu siku moja alivijaribu na wenziwe wakamcheka. Lakini jambo jipya lionje kwako kwanza, kwa chembe, na usitegemee ulimi wa anayekupenda peke yake. Ukimkaribisha mtu, mwambie ulichomwekea, maana hujui kifuani mwake kuna nini. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ukikosea, usitafute wa kumbandika kosa lako. Nenda mwenyewe, hata miguu ikiwa mizito, kwani mlango unaouogopa huenda una mtu ndani anayesubiri kuzungumza.

Mungu akupe mkono wenye baraka, ulimi usioona haya kusema kweli, na jamaa wa kula nao sahani moja. Amin.