Mlango wa Bibi Ndani ya Boksi

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na mitumba ikamwagika sokoni Morogoro, mjomba wangu hakununua suruali. Alinunua miwani ya wazee, fungu zima, akang'oa lenzi zote. Mtaani wakasema, fundi picha kashachanganyikiwa. Wapi! Alikuwa anatengeneza boksi la kuvaa usoni, ili bibi aone kwake tena.

Bibi, mama yake mjomba, tulimteremsha kutoka milimani miguu ilipomgomea. Picha ya kawaida ya nyumba yake aliisukuma pembeni. "Nyumba gani hii, imelala kama chapati!" Basi mjomba akapanda Uluguru, akaipiga nyumba picha mbili, ya pili akiisogeza kamera kidogo tu. Kila jicho likapewa picha yake na lenzi yake. Nilipochungulia, weee! Nyumba imesimama, mlima uko nyuma yake kabisa! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio.

Ugomvi ukaanza kwenye lenzi. Zile nene zilitaka boksi fupi, jepesi, na mlima ulikuzunguka pande zote, ila kila kitu chengachenga. Nyembamba zilionyesha hadi misumari ya mlangoni, lakini ni kama unachungulia kidirishani, na boksi lake refu lilivuta shingo. Mimi nilizing'ang'ania nene. Raha ni kuzama, bwana!

"Mlima nauona kila siku hapa uani," bibi akatukatiza. "Mlango wangu ndio siuoni."

"Shingo itauma, mama," mjomba akasema.

"Shingo hii? Imeteremsha ndizi mpaka sokoni, sembuse boksi la sabuni!"

Yakaisha. Tukamfunga boksi refu kichwani kwa kanga. Akachungulia.

"Naona milango miwili. Nyumba yangu ina mmoja."

 Kumbe mjomba alipima nafasi ya lenzi kwa macho yake mwenyewe, na ya bibi yamekaribiana zaidi. Akaanza kuzisogeza lenzi kidogo kidogo, jasho linamtiririka.

"Hapo hapo! Usiguse!"

Bibi akajifunga vizuri nguo kiunoni. Akavua ndala. Akanyoosha mkono, akagonga hewani.

"Hodi wenyewe!"

Mjomba, mtu mzima na kipara chake, akajifunika uso kwa shati. Nikaitika mimi, kwa nguvu zangu zote: "Karibu, bibi! Karibu ndani!"