Taa Ilivyonigeuza Jini Sebuleni Kwangu

Alhamdulillahi, sifa zote ni za Mola aliyetupa macho na nuru ya kuonea.

Wakuu, assalamu aleikum. Haya yamenifika mwenyewe hapa Kibokoni, na nikitia chumvi, mke wangu anasoma uzi huu, atanisuta.

Rukia, binti wa ndugu yangu Salim, anasomea filamu. Babake hakupenda. Alimwambia, "Nitatazama kazi yako moja. Nisipoiridhia, utaacha."

Basi Rukia akaniomba niigize baba anayempa bintiye radhi siku ya harusi. Maneno machache tu. Nikavaa kanzu nyeupe, imepigwa pasi na kufukizwa udi. (Kamera hainusi, najua. Mazoea.)

Sebule yetu ni ndogo, kwa hivyo taa aliiweka sakafuni, karibu na miguu yangu. Tukapiga, kisha akanionyesha kwenye kioo cha kamera.

Subhanallah! Macho mashimo, kivuli cha pua kimepanda hadi kwenye paji. Mdomo unasema "Nimekuwia radhi, mwanangu", uso unasema nitakula mtu.

Mke wangu akachungulia. "Huyo anatoa radhi au laana? Mimi ningeikimbia hiyo harusi!"

Rukia hakucheka. "Ami, baba akiiona hii, nimekwisha."

Tukavuta subira. Akaihamishia taa dirishani, juu kidogo ya kichwa changu, akaitandia shuka jembamba. Mwanga ukalainika.

Lakini shavu la pili likabaki gizani, kama mtu mwenye kinyongo.

"Ami, unayo kanzu nyingine?"

Nikavaa ya kahawia. Ile nyeupe tukaitundika upande wenye giza, ikaurudisha mwanga shavuni.

Maneno yaleyale, sauti ileile. Safari hii mke wangu alijifuta macho kwa leso, akasingizia vitunguu.

Salim alikuja baada ya sala ya Ijumaa. Akatazama hadi mwisho. Akataka tena.

Mwisho akasema, "Kaka, hapo umefanana na marehemu baba, siku aliyoniozesha." Kisha akamgeukia bintiye. "Endelea. Lakini sala isikupite."

Nilichojifunza: hata neno jema lataka kuwekewa taa mahali pake. Nimesomesha chuo cha Qurani miaka mingi, nikinasihi watoto huku nimekunja uso. Sijui wangapi waliona jini.

Wenzangu mnaopiga picha, nyinyi taa mwaiweka wapi? Tuelezeni.

Na kila aliyesoma hadi hapa, Mola amjaalie nuru usoni, moyoni na kaburini mwake. Amin.