Eliaichi na Majibu Aliyoyashona kwa Uzi

Saa moja kasoro robo asubuhi, foleni ya ndoo imeshatoka mlangoni kwa kikundi cha wafugaji na kushuka mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaokatiza migombani. Kina mama wamejifunga kanga juu ya sweta. Mwezi wa sita Masama, huku mlimani, hauna mchezo. Ukiongea, mdomo unatoa moshi kama jiko.

Kwenye meza ya mbao amesimama Eliaichi Swai, ambaye huku kila mtu anamwita Mama Isack. Anamimina maziwa kwenye silinda ndefu ya plastiki, anatumbukiza laktomita, kile kipimo cha kioo chenye namba shingoni, anakiacha kielee. Halafu anainama mpaka jicho linakuwa sawa na maziwa.

"Bibi, shikamoo," anasema. "Ishirini na nne. Haya yana maji."

"Marahaba, mwanangu," anajibu Bibi Magdalena bila kutikisika. "Ng'ombe wangu jana alikunywa sana kwenye mfongo."

Foleni nzima inacheka.

"Basi kesho umkamue kabla hajanywa," anasema Eliaichi, na kumrudishia ndoo yake kwa mikono miwili.

Ukimwona hapo mezani, mwanamke wa miaka thelathini na mbili anayewarudishia maziwa watu wenye umri wa mama yake na wakacheka, huwezi kudhani kwamba miaka miwili tu iliyopita meza hiyo ilikuwa inamponyoka.

Kikundi kilianza mwaka 1991, kahawa iliposhuka bei mpaka watu wakaona afadhali kung'oa mibuni na kupanda majani ya ng'ombe. Eliaichi akaajiriwa mwaka uliofuata. Mshahara wake leo ni shilingi elfu ishirini na mbili kwa mwezi, na huo ndio umewasomesha watoto wake watatu, kwa sababu mume wake, Elimringi, ni seremala, na seremala wa kijijini analipwa watu wakikumbuka.

Basi, mwezi wa pili mwaka 1999 mwenyekiti wa kikundi, Mzee Eliufoo, akaitisha mkutano. Wafadhili wamekubali kuleta tanki la kupozea maziwa. Watu wakapiga makofi. Walipotulia akasoma sharti: mpima maziwa atakayesimamia tanki lazima awe amepitia kozi ya chuo cha mifugo, na chuo hakimpokei mtu asiyekuwa na ufaulu wa Fizikia ya kidato cha nne.

Makofi yakaisha. Watu wote wakamgeukia Eliaichi.

"Nilimaliza shule mwaka 1987," anasimulia. "Fizikia nilipata F. Tena siyo F ya kawaida. Mwalimu wetu alituambia zile zilikuwa F zenye mkia."

Wengine wangekunja kanga wakaenda nyumbani. Yeye Jumamosi ile alishuka Moshi mjini akiwa na nauli na shilingi elfu mbili za kitabu.

Siku hizi, tangu biashara iachiwe huria, pembeni ya stendi ya Moshi kumejaa vitabu vilivyotandazwa kwenye maturubai. Vinatoka Nairobi, vinatoka Kampala, vingine hata havisemi vimetoka wapi. Vingi ni vya maswali na majibu, vya kumwokoa mtahiniwa. Muuzaji akamwambia, "Mama, hiki ukikimeza, mtihani umekwisha." Eliaichi akalichukua lile neno kama lilivyo. Akaenda kukimeza.

Hapo inabidi mtu awajue Walutheri wa huku mlimani. Mtoto hapati kipaimara mpaka asimame mbele ya mchungaji na kuijibu katekisimu bila kutazama kitabu, swali kwa jibu. Eliaichi alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mchungaji alimuuliza maswali kumi na moja, akajibu yote bila kumeza mate, na usharika mzima ukamsifu.

Kwa hiyo na Fizikia aliisoma hivyo hivyo. Kitabu kilikuwa na maswali mia mbili na kumi na mawili, na yote kwa Kiingereza. Alikaa na kamusi akaandika Kiswahili pembeni kwa penseli, halafu akayakariri kwa mpangilio wake. Lori la maziwa likiondoka saa tatu, anakaa migombani na kitabu mpaka saa nane, muda wa kukata majani.

Elimringi, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyekuwa mchungaji wake.

"Namwambia swali la sitini na tatu, anajibu. Narudi nyuma la nne, anajibu," anasema Elimringi, akiwa na penseli ya useremala sikioni. "Nikajua hapa nimeoa profesa."

Mwezi wa kumi mwaka huo huo akafanya mtihani mjini kama mtahiniwa wa kujitegemea.

"Maswali yalikuwa yale yale, ila wameyavalisha nguo nyingine," anasema. "Mwenye baiskeli amekuwa mwenye gari, jiwe limekuwa mpira. Nilikaa mle ndani majibu yote ninayo, lakini maswali yake siyaoni."

Matokeo yakaja. F.

Mzee Eliufoo alimwita pembeni. Ni mzee mpole, lakini siku ile hakuzunguka. "Mama Isack, nyumba ya tanki imechelewa kwa sababu ya saruji. Hiyo ndiyo bahati yako. Una mwaka mmoja. Tanki haliwezi kukusubiri kama bwana harusi."

Na kweli wiki ile ile aliletwa kijana mmoja kutoka mjini mwenye cheti tayari, wa kuchukua nafasi yake akishindwa tena, akaonyeshwa meza, akaonyeshwa silinda, akaishika laktomita ya Eliaichi na kuigeuza geuza. Eliaichi alikuwepo. Alimkaribisha chai.

Sasa njoo asubuhi moja ya mwezi wa nne, mwaka 2000. Mvua inanyesha, foleni imejibana chini ya bati, na Bibi Magdalena kaleta maziwa yake. Eliaichi anapima huku midomo inacheza; amerudia kukariri kitabu upya, safari hii kwa nguvu zaidi, na yuko swali la mia moja na arobaini. Swali linauliza, maji yakiongezwa kwenye maziwa, kipimo kinachoelea kitafanyaje? Jibu la kitabu: kitapanda juu.

"Mdomo unasema kinapanda," anasimulia, "na macho yanakiona kinazama. Nikarudia. Mdomo kinapanda, macho kinazama. Miaka minane naona maziwa ya maji yanakizamisha hiki kipimo, naona kila siku, halafu nimekariri kinyume na sikushtuka hata kidogo."

Bibi Magdalena anaikumbuka siku hiyo. "Alinitazama hivi," anasema, akitoa macho. "Nikasema leo nakamatwa na polisi."

Jumamosi iliyofuata Eliaichi aliingia Shirimatunda, pembeni ya mji wa Moshi, kwenye chumba nyuma ya mashine ya kusaga ambako Mwalimu Primus alikuwa anafundisha tuisheni. Primus ni kijana aliyemaliza kidato cha sita na ana mdomo. Darasa lilikuwa na watu kumi na tisa, na wote walikuwa na kitabu kile kile. Eliaichi akanyoosha mkono akasema jibu la mia moja na arobaini si sahihi.

"Mama," akasema Primus, "kitabu kimeandikwa na wasomi, kikapigwa chapa, kikavuka mpaka. Wewe umevuka nini?"

"Nimevuka mto Weruweru asubuhi hii," akajibu Eliaichi, "na nimekuja na maziwa."

Akatoa kwenye kapu silinda, chupa ya maziwa, chupa ya maji na laktomita iliyofungwa kwenye soksi ya mtoto. Akamimina maziwa. Kipimo kikaelea, thelathini. Akaongeza maji taratibu. Darasa zima likasimama. Kipimo kikashuka, kikashuka, shingo ikazama.

Primus alichukua chupa ya maji akaongeza mwenyewe. Kikazama zaidi.

"Kwa hiyo maji ni mepesi kuliko maziwa," akasema mtu wa nyuma, polepole, kama anayeamka.

"Ndiyo," akasema Eliaichi. "Kimiminiko chepesi hakina nguvu ya kukibeba."

Primus akavua kofia. "Mama Isack," akasema, "miaka miwili nimewakaririsha watu uongo huu. Kaa hapa mbele."

Lakini Eliaichi hakurudi Masama akijisifu. Kilichomuuma si kosa la kitabu. Kilichomuuma ni kwamba jambo analolijua kwa mikono yake, alikubali kitabu kimnyang'anye, kwa sababu tu jibu lilikuwa limeshaandikwa. Kufika nyumbani akachukua sindano na uzi mwekundu, akazishona kurasa zote za majibu kule mwisho wa kitabu. Kila jani na mshono wake.

"Elimringi akaniuliza, wewe, unashona kitabu? Nikamwambia nakifunga mdomo."

Sheria aliyojiwekea ilikuwa moja. Hakati uzi mpaka amejaribu kwa vitu, akaandika jibu lake mwenyewe kwenye daftari.

Kihamba chote, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kikageuka shule. Nyenzo alizijua kwa ubao wa Elimringi na mawe mawili. Msukumo wa maji aliupima kwenye mfongo, kwa kopo alilolitoboa matundu matatu, la juu, la kati na la chini. Sufuria ya machalari, ndizi za kupikwa na nyama, ilimfundisha joto linavyopanda. Siku moja iliungua kabisa, na watoto wakala ndizi zenye harufu ya Fizikia. Tena akagundua kwa nini maziwa yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi yanasoma namba ndogo hata kama hayana maji: yana moto, yametanuka. Tangu siku hiyo ndoo ya moto inasubiri ipoe kwanza, na kina mama wawili waliokuwa wanaonewa bila kosa aliwaomba radhi mbele ya foleni.

"Nilikuwa nalijua kwa jicho," anasema. "Kitabu kilinipa sababu. Siwezi kukisema vibaya kitabu. Bila hayo maswali yake nisingejua niulize nini."

Alipomaliza kukata nyuzi zote, alikuwa amekuta majibu saba yaliyokosewa. Primus aliyaandika ubaoni na hajayafuta.

Mwezi wa kumi mwaka jana akaingia tena kwenye mtihani. Swali la kipimo na maziwa halikutoka. "Halikutoka, na sikujali," anasema. "Yaliyotoka nilishayapima."

Mwezi wa tatu mwaka huu akashuka mjini kuangalia matokeo kwenye ubao wa shule aliyosajiliwa. Alilitafuta jina lake, akaweka kidole, akashindwa kuangalia mbele ya kidole. Akamwambia dada aliyesimama jirani, "Nisomee wewe. Mimi nina tabia ya kusoma ninachokitaka."

Dada akasoma. Fizikia, C.

Habari ilimtangulia kufika Masama. Mzee Eliufoo alikuwa amesimama barabarani, kofia mkononi. Kijana wa mjini alikuwa ameshaandikiwa barua ya kushukuriwa na kuagwa. Kesho yake asubuhi Bibi Magdalena alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akaweka ndoo mezani kama mtu anayeweka sadaka. Eliaichi akapima. Thelathini na moja.

"Leo hajanywa," akasema Bibi.

Mwezi ujao Eliaichi anaondoka kwenda kozi ya miezi mitatu, na akirudi ndiye atakayewasha tanki, ambalo limeshafika na limefunikwa turubai kama bibi harusi. Mpango wake hauishii hapo. Ameshanunua kitabu cha Kemia, na anataka baadaye asome stashahada, aje awafundishe wapima maziwa wa vikundi vya mlima mzima.

Meza anamwachia Kindness, binti wa jirani, ambaye naye alianguka Fizikia mwaka 1996 na amejiandikisha kurudia. Amemwachia na kitabu, kurasa za majibu zimeshonwa upya.

Kindness anakipokea, anakigeuza, anaupitisha ukucha kwenye ule uzi mwekundu.

"Na nikikwama kabisa, Mama Isack? Nikate mmoja tu?"

"Utakata na nini?" anasema Eliaichi, akiinua ndoo inayofuata. "Mkasi nasafiri nao."