Katibu niliyekataa kumpigia kura ndiye alinitetea nilipofutwa kazi

Niaje wakuu. Leo nawapea story yangu ya union, na sijaongeza chumvi. Wenye walikuwa stage ya Kawangware 46 siku ya kura wako humu, wanirekebishe nikikosea.

Mimi ni house help. Naishi Kibera, na kwa miaka mingi nimefanya kazi kwa flat moja Nyayo Highrise. Branch yetu ya union ni ya mahouse help na magadena, wale wa kutunza bustani, kutoka Kibera na Kawangware.

Zamani katibu wa branch alikuwa anatumwa tu na headquarters. Huyo tuliyepewa alikuwa mtu wa suti safi, mpole hata, lakini simu hashiki.

Sasa jirani yangu Atieno akafutwa kazi huko estate ya Ayany. Mdosi wake, huyo mama aliyemwandika, alifunga gate, nguo na kitambulisho cha Atieno zikabaki ndani. Katibu akamwambia aandike malalamiko, angoje.

Angoje akivaa nini?

Nikaenda na yeye. Nilikuwa naogopa, lakini niliongea na huyo mdosi pole pole kama nabembeleza mtoto alale. Tulitoka na vitu zote, na mdosi akaomba msamaha.

Hiyo story ikaenea. Kila nikitoka kuteka maji, mtu ananingoja na shida ya mdosi wake.

Hapo ndio tukaanza kudai uchaguzi. Katibu akasema kura italeta ukabila.

Atieno akamjibu, "Ukabila iko hata kwa laini ya maji, na bado tunateka."

Mwishowe headquarters ikakubali. Tulipigia kura kwa hall ya kanisa Kawangware, kila mtu anapanga laini nyuma ya mtu wake. Laini ya katibu ilikuwa na watu wawili, na mmoja alikuwa anafikiria ni ya chai.

Wengine wote walikuwa nyuma yangu, nikawa katibu. Wakuu, hiyo kazi ni tamu na inachosha. Nimebisha magate mpaka mbwa za matajiri wa Lavington zikanizoea. Watu walipata off ya Jumapili, wakarudishwa kazi, wengine walipata tu mtu wa kuwasikiza.

Halafu magadena wakaingia kwa wingi, wakataka mtu wao. Uchaguzi uliofuata nikabwagwa na Kamau, gadena wa Kawangware. Kwa laini nilikuwa nageuka nyuma kuhesabu, nikaacha.

Iliniuma, siwadanganyi. Nilimpea ufunguo wa ofisi nikaenda kupika chapati kwa hasira. Zilitoka poa sana.

Sasa juzi mdosi wangu akaamua kuhama nchi. Ijumaa jioni ananiambia Jumatatu nisikuje. Bila notisi, bila barua, na nimelea watoto wake wawili.

Nilishika simu nikaiweka chini. Nitampigiaje Kamau na sikumtaka?

Atieno akaninyang'anya simu akapiga mwenyewe.

Kamau alikuja kesho yake asubuhi na gumboots zake za kazi. Kwa ngazi akaniuliza, "Mama Brayo, wewe ulinipigia kura?"

"Hapana."

"Najua. Nilikuwa nimesimama mbele, nawaona wote. Haya, tupande."

Aliongea vizuri kuliko mimi. Nilipewa pesa ya notisi kamili na barua nzuri ya kunisifu, na hiyo barua imenipatia kazi mpya floor ya chini.

Tukishuka nikamuuliza mbona amejisumbua hivyo.

"Uchaguzi iko mwaka ujao," akasema, "na wewe una mdomo."

Nilicheka mpaka caretaker akatoka kuangalia.

Nilichojifunza ni hiki: kiongozi wa kuteuliwa anaogopa mwenye alimteua. Wa kuchaguliwa anakuogopa wewe, hata kama ulisimama laini ingine.

Kwenu kazini viongozi wa union mnachagua ama mnaletewa? Wacheni comment, nitasoma zote. Na kama kuna gadena wa Kamau humu, amwambie mwaka ujao laini yake naijua.