Suruali ya Mpira Kiunoni

Fundi cherehani hatulii. Gurudumu halijasimama, keshaacha mkasi wazi juu ya kitambaa cha watu, huyo, choo cha uani, mara ya nne tangu afungue. Huko anasimama weee, mkono ukutani, anangoja. Linatoka tone, linasita, tone jingine. Akirudi anasema, “Nilikuwa natazama mvua,” na nje jua linawaka. Anaitafuta chaki mezani, kumbe iko sikioni. Mkewe akimsihi akapimwe tezi dume, anajibu kwa sauti yake ya puani, “Uzee huo, mama watoto.” Suruali yake ina mpira kiunoni, maana vifungo vinamchelewesha. Nyumbani alisema ni fasheni.

Wazo hilo alilipata kwa mteja wake, mwalimu mstaafu, ambaye yeye fundi alimtilia mpira suruali tatu mwaka jana bila kumuuliza sababu. Leo mwalimu amezirudisha.

“Toa mpira, fundi. Nirudishie vifungo.”

Mikono ya fundi ikasimama. “Vimeacha kukuchelewesha?”

“Tezi ilikuwa imevimba siku nyingi. Nameza vidonge mwezi wa tatu huu, nalala mpaka asubuhi.”

Fundi akauzungusha utepe kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena. “Na… wanapima kwa kidole, kweli?”

“Dakika moja tu. Wewe miaka ishirini unapitisha utepe mapajani kwangu, umewahi kunisikia nikilalamika?”

Fundi akaangua kicheko, akabana miguu, akatoka mbio. Aliporudi hakutaja mvua. Aliuliza daktari anafika saa ngapi.