Disketi ya Jana

Juzi nilikuwa ofisi moja ya kompyuta kule Mikocheni, nasubiri barua yangu ichapwe, mara vijana wawili watengeneza programu wa hapo wakashikana mashati. Mmoja alikuwa amenakili kazi yake juu ya kazi ya mwenzake, ikafutika, na muuguzi wa zahanati keshafika kuiona programu ya kadi za wagonjwa waliyokuwa wakimtengenezea.

“Umenimaliza, braza!” akafoka aliyefutiwa.

Sekretari wao akafungua droo taratibu. Kumbe kila jioni alikuwa akihifadhi nakala kwenye disketi na kuandika nani kabadili nini.

“Ya jana hii hapa, kabla hamjaivuruga.”

Programu ikafunguka. Muuguzi akapiga vigelegele, vijana wakakumbatiana.

“Sista, tuendelee?”

“Mmoja mmoja,” akajibu sekretari.

Vyeti ukutani ni vya wale wawili, lakini bosi nimemjua.